Kuchakaza Modeli Ionekane Imefanya Kazi, na Kukosolewa Bila Kuvunjika Moyo: Mwongozo Kamili

Land Rover yangu ya kwanza, modeli ya skeli ya 1/24 (ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe), niliipaka kutu milangoni. Nilikaa nayo wiki tatu. Kutu changa niliipa rangi ya chungwa, kutu kuukuu nikaipa kahawia iliyokolea, na michirizi ikashuka vizuri kutoka kwenye mikwaruzo katikati ya mlango. Kila niliyemwonyesha alinisifu. Kisha nikaitia kwenye boksi la viatu, nikaipeleka kwa mzee mmoja, fundi wa Land Rover kwenye gereji za Barabara ya Kirinyaga. Alipangusa mikono, akaishika kwa vidole viwili, akaizungusha polepole.

"Umeipaka vizuri, mwanangu. Lakini bodi ya Land Rover hailiwi na kutu. Hiyo ni aluminiamu."

Alisema kweli. Land Rover ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Chuma kilibaki kwenye chesisi, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, na kwenye fremu za ndani za milango. Huko ndiko kutu hukaa. Aluminiamu yenyewe hutoa unga mweupe, na rangi huvimba malengelenge pale aluminiamu inapokutana na chuma. Nilikuwa nimejua kupaka kutu kabla ya kujua kutu hutoka wapi.

Tangu siku hiyo nina swali moja nisiloliacha mezani: doa hili limetoka wapi? Naliuliza kwa kila tone la rangi. Nimeona pia kwamba linafaa kwa maneno ya watu wanaotazama kazi yangu, kwa hiyo nitaeleza yote mawili hapa, rangi kwanza, maneno baadaye.

Lipe gari historia kabla ya kufungua rangi

Chukua karatasi, uandike mambo manne: gari lina umri gani, hufanya kazi gani, hupita njia zipi, na lilioshwa lini mara ya mwisho. Usiruke hatua hii hata kama unaona unayajua kichwani.

Tuseme unaunda matatu ya abiria 14 kutoka seti ya Toyota HiAce ya 1/24, zile zinazotengenezwa na Aoshima ya Japani. Ukiandika "miaka 12, njia ya Kawangware na mjini, huoshwa kila alfajiri," tayari umejizuia kufanya makosa mengi. Gari linalooshwa kila siku halina tope nene la wiki nzima. Uchakavu wake uko kwenye vitu ambavyo maji na sabuni haviondoi: kutu kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango, rangi iliyolika pale makanga anaposhika akining'inia, kibao cha kukanyagia kilichong'aa kwa viatu, viraka vya rangi visivyolingana na rangi ya mwanzo baada ya gari kunyooshwa. Ule mstari wa manjano uliokuja na sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, mwaka 2004 pia huzeeka. Hukwaruzwa pamoja na bodi, hupauka, na mara nyingi umepakwa upya kipande kimoja tu.

Ukiandika "pikapu ya kubeba mawe kutoka machimbo ya Njiru, haijaoshwa mwezi mzima," hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Halafu kuna udongo. Nairobi iko juu ya udongo wa aina mbili, na gari hubeba ushahidi wa ule lililoupita. Upande wa Kabete, Kikuyu na Limuru udongo ni mwekundu. Umetokana na miamba ya volkano iliyomung'unyika kwa muda mrefu, na wekundu wake ni wa oksidi ya chuma. Ukienda Embakasi, Syokimau na Kitengela unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye gumboti mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Angalia vizuri: udongo huo ni mweusi ukiwa umelowa, lakini vumbi lake likikauka juu ya gari ni la kijivu. Nimeona modeli nzuri zikiharibika kwa vumbi jeusi ambalo halipo mahali popote Nairobi.

Nenda ukatazame

Picha za modeli za watu wengine zitakufundisha mbinu. Gari lenyewe ndilo litakalokufundisha ukweli. Ukifanya modeli kwa kunakili modeli nyingine, unanakili pia makosa ya aliyekutangulia, na yanazidi kila yanapopita mkononi.

Piga picha kwenye kivuli au asubuhi mapema, kwa sababu jua la adhuhuri hufuta tofauti ndogo za rangi. Piga gari zima, kisha sogea karibu: chini ya mlango, ukingo wa paa, nyuma yote, gurudumu moja moja. Ukiwa stejini omba ruhusa kwanza. Waambie dereva na makanga unachofanya, uwaonyeshe modeli moja kwenye simu. Sijawahi kukataliwa baada ya kuonyesha modeli, na mara mbili nimefunguliwa mlango nipige picha ya reli yake.

Wapenda treni wana bahati zaidi. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi lina injini za mvuke unazoweza kuzikaribia kabisa, ikiwemo nambari 5918, Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 hivi. Lakini kumbuka kwamba injini iliyokaa makumbusho huchakaa kama kitu kilichosimama: rangi hupauka na maji hutuama mahali pamoja. Injini iliyo kazini ilikuwa na masizi juu, grisi kwenye mikono ya magurudumu, na michirizi myeupe ya chumvi pale maji ya boila yalipovuja na kukauka. Ukitaka kuunda Garratt inayopanda kutoka Mombasa na mzigo, chukua vipimo na maumbo makumbusho, na uchafu uutafute kwenye picha za zamani za treni zikiwa kazini.

Vifaa, na hatari yake

Huhitaji chupa 40 zilizoagizwa ng'ambo. Rangi za akriliki kwa mwili wa gari. Rangi za mafuta za wachoraji, mirija sita tu: nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo (yellow ochre), kahawia iliyoungua (burnt umber), kahawia mbichi (raw umber) na bluu. Chaki laini za wachoraji, ambazo ukizisaga kwenye msasa unapata unga wa rangi. Spreya ya nywele ya bei nafuu, zile zinazojaa madukani Barabara ya Dubois. Vanishi ya kung'aa na vanishi isiyong'aa. Vipande vya sifongo, brashi ndogo, na brashi moja iliyokufa yenye nywele ngumu. Brashi ya hewa na kompresa ni vizuri ukiwa navyo, lakini sehemu kubwa ya kazi iliyo hapa chini ni ya mkono.

Kuyeyushia rangi za mafuta tumia tapentaini ya hadwea. Usitumie thina ya rangi za magari; hiyo hula plastiki ya modeli, na mlango utalainika mbele ya macho yako.

Wengi wetu tunafanya kazi hii kwenye chumba kimoja ambamo pia tunapika. Zima jiko la gesi, fungua dirisha, vaa barakoa unaposaga chaki au unapopuliza spreya, na usiache kikombe cha tapentaini karibu na kikombe cha chai. Mvuke wa tapentaini hushika moto. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta vitandaze vikauke nje. Usivikunjekunje kwenye pipa la taka, kwa sababu mafuta hayo yakikauka hutoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kujiwasha chenyewe.

Mwisho, tafuta gari la kujifunzia. Gikomba kuna vigari vya plastiki vya mitumba. Nunua viwili, vipulizie undakoti (rangi ya kwanza ya chini), uviharibu kwa amani.

Mpangilio wa kazi

Mpangilio wenyewe ni huu: undakoti ya rangi ya kutu, spreya ya nywele, rangi ya gari, kubambua, vanishi ya kung'aa, stika, vanishi ya kung'aa tena, rangi ya kupenyeza, kupausha na michirizi, vanishi isiyong'aa, vumbi na tope, na mwishoni kabisa madoa ya mafuta. Una sababu yake. Uso unaong'aa ni laini, kwa hiyo rangi ya majimaji hutiririka hadi kwenye mifereji. Uso usiong'aa una vinyweleo, hivyo hunywa rangi hiyo na kubaki na alama za duara. Vumbi nalo hutaka uso usiong'aa ili lishike. Na mafuta huja mwisho kwa sababu vanishi isiyong'aa ingeyaua mng'ao wake.

Kubambua rangi

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo modeli nyingi hufa.

Paka undakoti ya kahawia iliyokolea ya kutu kwenye sehemu zitakazobambuka, siyo gari zima. Ikauke siku nzima. Pulizia spreya ya nywele tabaka mbili nyepesi kutoka umbali wa sentimita 25 hivi, iache nusu saa. Pulizia au paka rangi ya gari ya akriliki, nyembamba. Ikishakauka kwa kushikwa, ndani ya saa moja hivi, lowesha sehemu ndogo kwa maji kwa brashi, subiri dakika moja, kisha gusagusa kwa ile brashi iliyokufa. Maji hupenya rangi na kuyeyusha spreya iliyo chini, na rangi huanza kubanduka kwa umbo lisilopangwa, kama inavyobanduka kwenye gari lenyewe. Ukichelewa hadi kesho rangi itakuwa imekaza. Fanya upande mmoja, maliza, ndipo uende wa pili.

Sasa hesabu. Kwenye skeli ya 1/24, milimita moja ya modeli ni milimita 24 za gari. Kibambuko kilichotokana na jiwe, cha milimita 5, kinapaswa kuwa milimita 0.2: ncha ya sindano. Ukitia alama ya milimita 2, umesema gari lina jeraha la karibu sentimita 5. Huenda lipo, lakini basi uwe unajua nani aliligonga. Kwenye 1/72 kibambuko hicho cha jiwe hakionekani kabisa, na hupaswi kukipaka.

Vibambuko vidogo vya jiwe viko mbele: pua ya boneti, ukingo wa paa juu ya kioo, nyuma tu ya magurudumu. Vya mikono na miguu viko mlangoni. Vya mizigo viko juu ya keria na kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu. Kipande cha sifongo kilichochovywa rangi na kukamuliwa kwenye karatasi hadi karibu kiishe kinatosha kwa hivi. Lakini kama bodi ni aluminiamu, rangi iliyo chini ni kijivu cha fedha kilichofifia, siyo kahawia. Hilo nilishalilipia.

Kutu ikishaanza huenda na maji. Itafute mfereji wa paa, chini ya mlango ambako maji hutuama, ndani ya tao la gurudumu. Anza na kahawia nyeusi, uweke chungwa kidogo katikati pale ambapo bado inaendelea kula. Chungwa likiwa kila mahali gari linaonekana limepakwa achari.

Rangi ya kupenyeza, kupausha na michirizi

Changanya kahawia iliyoungua na nyeusi kidogo katika tapentaini, sehemu moja kwa kumi hivi, iwe nyepesi kama chai ya rangi. Gusa mfereji wa mlango kwa ncha ya brashi, uiache itembee yenyewe. Usiipake gari zima. Baada ya robo saa futa ziada kwa brashi yenye unyevu wa tapentaini. Kwa kuwa gari limepakwa rangi na vanishi za akriliki, tapentaini haitaigusa rangi ya chini, na ukikosea unafuta kabisa na kuanza upya. Nafasi hiyo ya kurudi nyuma ndiyo inayonifanya nizipende rangi za mafuta kuliko nyingine zote.

Kupausha: kamua rangi za mafuta juu ya kadibodi, uziache saa moja mafuta yanyonywe. Weka vinukta vidogo vya nyeupe, manjano ya udongo na bluu kwenye kipande kimoja cha bodi. Kwa brashi safi yenye unyevu mdogo sana, vuta kutoka juu kwenda chini hadi vinukta vipotee na kubaki utando. Kwenye paa na boneti usivute, bali gongagonga, kwa sababu huko maji hayatiririki upande mmoja. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta na jua la Nairobi linashuka wima, kwa hiyo paa lipauke kuliko ubavu. Nyekundu ipauke zaidi ya rangi nyingine. Kila mtu ameona matatu nyekundu iliyogeuka waridi juu huku chini bado nyekundu.

Mchirizi una mwanzo: ribiti, bawaba, kona ya mfereji wa paa, mdomo wa tangi la mafuta. Kama huwezi kuonyesha mwanzo wake kwa kidole, ufute. Chora mstari mwembamba, uuache dakika kumi, kisha uvute chini kwa brashi safi hadi ufifie. Mfupi na mwembamba huonekana wa kweli kuliko mrefu.

Rangi za mafuta hukauka polepole. Zipe siku moja, na miezi ya Juni hadi Agosti kukiwa na baridi zipe mbili au tatu. Siku za masika usipulizie vanishi mvua ikinyesha, maana unyevu hugeuza vanishi nyeupe kama ukungu.

Vumbi na tope

Wengine hutumia udongo wenyewe. Mimi pia, kwa tope la chini ya gari. Ukaushe kwenye sufuria kuukuu juu ya moto mdogo wadudu wafe, usage kwenye kinu, uchuje kwa soksi ya nailoni mara mbili. Changanya na gundi nyeupe iliyotiwa maji. Jaribu pembeni kwanza, kwa kuwa gundi huufanya udongo uwe mweusi zaidi hata ukikauka. Kwa vumbi jembamba la bodini udongo hautoshi, chembe zake ni kubwa mno kwa skeli yoyote. Hapo tumia unga wa chaki.

Tandaza unga kwa brashi kavu kwenye theluthi ya chini ya gari, kwenye kingo, na nyuma. Gari lenye umbo la boksi kama HiAce hufyonza vumbi mgongoni mwake linapokimbia, kwa hiyo kioo cha nyuma huwa kichafu kuliko ubavu. Kioo cha mbele kina zile nusu duara safi za waipa. Masizi yawe upande ule bomba la moshi linapotokea, yasiwe pande zote mbili. Gusa unga kwa tone la tapentaini pale unapotaka ushike, na usiushikeshike baadaye.

Tope liwe la tabaka mbili angalau: la zamani, kavu, la rangi hafifu, na jipya, limelowa, la rangi nzito na dogo kuliko la zamani. Kwa mirusho, chovya brashi ngumu kwenye tope jepesi kama chai ya maziwa, uipige kwa kijiti cha meno kuelekea nyuma ya gurudumu, ukiwa umefunika vioo kwa karatasi.

Kisha acha. Funika modeli, usiitazame hadi kesho yake, uitoe kwenye mwanga wa dirisha. Usiku chini ya taa kila mtu huzidisha.

Sasa watu wataitazama

Utakapoionyesha, maneno yatakuja, na yatakuuma hata yakiwa ya upole, kwa sababu umelala na modeli hiyo akilini kwa wiki kadhaa. Siku ile Barabara ya Kirinyaga nilipanda matatu ya kurudi nyumbani nikiwa nimelishika boksi la viatu kwa mikono yote miwili, na sikutaka kulifungua kwa siku nne. Ninaeleza hilo ili ujue kwamba maumivu hayo ni ya kawaida na hayamaanishi umekosa kipaji. Usijibu ukiwa ndani yake. Sema asante, uandike neno lilivyosemwa, ulale.

Kesho yake liulize neno lile swali tulilouliza madoa: limetoka wapi?

Kuna neno linalotoka kwenye ukweli wa kitu. "Aluminiamu hailiwi na kutu." "Mlango wa abiria wa matatu uko kushoto, mbona umechakaza kulia?" Neno la aina hii lina mahali na lina sababu, na unaweza kwenda kulihakiki. Lihakiki. Likiwa kweli, rekebisha, hata kama lilisemwa kwa ukali, hata kama aliyelisema hajawahi kushika brashi. Mafundi, madereva na makanga ndio wakosoaji bora niliowapata, na hakuna hata mmoja wao anayeunda modeli.

Kuna neno linalotoka kwenye ladha. "Imezidi." Hapa pana watu wa kweli pande mbili. Wako wanaopenda modeli ichorwe kama picha, vivuli vizito na rangi zinazogongana ili jicho lishikwe kutoka mbali. Wako wanaotaka ile tu ambayo jicho lingeiona barabarani. Mimi ni wa kundi la pili, lakini nimeona kazi za kundi la kwanza zilizonifanya nisimame. Ukiambiwa imezidi, uliza kwa heshima, "Ni sehemu gani hasa?" Kisha fanya jaribio hili: modeli ya 1/24 ukiitazama kwa sentimita 30 ni sawa na gari lenyewe ukilitazama kutoka mita 7.2, yaani kama hatua kumi. Nenda stejini, simama hatua kumi kutoka kwa matatu, uangalie nini unakiona na nini hukioni. Kama michirizi yako inaonekana zaidi ya ile ya kweli, sasa unajua umeizidisha kiasi gani, na unaweza kuamua kama ulikusudia.

Na kuna neno ambalo halihusu modeli. "Mtu mzima anacheza na vigari." Litafute kwenye bodi, kwenye magurudumu, kwenye vioo, hulioni popote. Hakuna cha kurekebisha, kwa hiyo usirekebishe chochote. Akiwa ni mtu usiyemjua, endelea na kazi yako.

Akiwa wa nyumbani, ni tofauti. Shangazi yangu aliuza mboga Marikiti miaka mingi, akipanda matatu ya kwanza kabla ya alfajiri. Alipoiona HiAce yangu mezani aliuliza, "Mbona umeichafua na ilikuwa mpya?" Kwetu gari safi ni heshima ya mwenye gari, na swali lake lilikuwa la haki. Sikumweleza mbinu. Nilimpa miwani, nikamwonyesha pale karibu na mlango ambapo rangi imelika. Akakaa kimya kidogo, akaweka ukucha juu ya alama ile. "Hapa ndipo makanga anaposhika akipiga ubavu wa gari," akasema, na akaanza kunitafutia mahali pa kuweka magunia kwenye keria.

Weka daftari. Kwa kila ukosoaji andika mahali palipotajwa, ulichokikuta ulipohakiki, na ulichoamua. Baada ya modeli tatu au nne utaona kitu: watu wasiojuana wakigusia sehemu ileile, sehemu hiyo ina shida, hata kama maelezo yao hayalingani na hata kama hakuna kati yao aliyetaja sababu sahihi. Mmoja aliniambia magurudumu yangu ni masafi mno, mwingine akasema gari linaelea. Shida ilikuwa moja: matairi hayakuwa na vumbi la rangi moja na ardhi niliyoliwekea.

Zamu yako ya kukosoa ikifika, uliza kwanza mwenzako alikusudia nini, na kama anataka kuambiwa. Taja mahali, taja sababu, na kama unajua dawa, itaje pia. Anayeanza mpe jambo moja tu, kubwa kuliko yote, mengine yatangoja modeli ijayo. Kosa kubwa mwambie mkiwa wawili, siyo mbele ya watu aliowaalika waje kuona.

Land Rover ilivyorekebishwa

Rangi za mafuta zilitoka kwa tapentaini. Kutu ya akriliki iliyo chini niliisugua kwa msasa laini wa namba 1200 uliolowa maji, nikapaka milango upya na kuipausha. Mikwaruzo nikaitia kijivu cha fedha kilichofifia. Kwenye ukingo wa chini wa milango, pale aluminiamu inapoifunika fremu ya chuma, niliweka vilengelenge vichache vya gundi nyeupe kabla ya rangi, kisha unga wa chaki nyeupe kuvizunguka. Kutu yote niliihamishia kwenye chesisi na kwenye ukuta wa injini, karibu na bawaba.

Nikairudisha kwa yule mzee. Safari hii aliitazama kwa muda mrefu zaidi, akapitisha ukucha chini ya mlango, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaipindua, akaangalia tumbo lake lote, kutoka mbele hadi nyuma.

"Na mafuta ya giaboksi yako wapi? Sijaona Land Rover kavu huku chini tangu nianze kazi hii."

Usiku ule nilichanganya kahawia iliyoungua na nyeusi katika vanishi ya kung'aa, nzito kama asali, nikaweka tone moja chini ya giaboksi na kulivuta nyuma kidogo kwa kijiti cha meno, kwa sababu upepo wa mwendo huyasukuma mafuta nyuma. Pembeni ya tone nikatia unga wa vumbi jekundu kabla halijakauka, ushike pale mafuta yalipo na usishike kwingine.